Imezimwa au Imezimika?

Kwetu Uganda mashine haiharibiki, inakataa. Gari limekataa, simu imekataa, taa imekataa. Hata tukizungumza Kiingereza tunasema hivyohivyo, na kila mtu anaelewa. Ubaya wa neno hili ni kwamba linafunga mjadala. Kitu kikishakataa, kinachobaki ni kubahatisha. Katika insha hii nataka kueleza jinsi kauli za vitenzi, zile tunazozichambua darasani mpaka wengine wanasinzia, zilivyosaidia kuokoa prosesa ya kompyuta iliyokuwa imepozwa kupita nyuzi 60 chini ya sifuri.

Kaka yangu anasoma uhandisi wa kompyuta. Yeye na wenzake watatu walichanga fedha wakanunua kompyuta iliyokwisha tumika, yenye prosesa ya mwaka 2011. Prosesa hiyo iliundwa ifanye kazi kwa gigahezi 3.3, nao walitaka kuionyesha kwenye maonyesho ya wanafunzi ikikimbia kwa gigahezi 5. Kasi ya namna hiyo huhitaji volti zaidi, na volti zikizidi huleta joto ambalo feni haiwezi kulimaliza. Ndiyo maana wanaoshindania rekodi duniani hutumia naitrojeni kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Mwaka 2011 prosesa ya AMD FX-8150 ilifikishwa gigahezi 8.429 na kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness, ikiwa imepozwa kwa heliamu kimiminika, iliyo baridi kuliko hata naitrojeni.

Msomaji atauliza, naitrojeni hiyo ilipatikana wapi huku magharibi mwa Uganda? Jibu liko zizini. Baba yetu mdogo ni mhimilishaji wa ng'ombe. Huzunguka vijijini kwa pikipiki, na nyuma amefunga tangi lenye mirija ya mbegu za madume iliyozamishwa katika naitrojeni. Alikubali kuwauzia lita chache kwa masharti. Madirisha yote yawe wazi, kwa sababu lita moja ikigeuka kuwa gesi hujaza karibu lita 700 na kuifukuza hewa tunayovuta. Chombo kisizibwe kamwe, kisije kikapasuka. Tena yeye mwenyewe awepo.

Fundi wa karakana aliwakerezea kikombe cha shaba cha kuwekwa juu ya prosesa. Ubao mama ulipakwa mafuta mazito na kuzungushiwa sponji ili umande usiingie kwenye saketi. Mimi niliombwa kuandika daftari. Nilikubali, ila nikasema nitaandika kwa Kiswahili. Mmoja wao alicheka. Alisema Kiswahili ni lugha ya wanajeshi na sokoni, haiwezi kuingia maabara. Kauli hiyo tumeizoea hapa kwetu. Ingawa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, uamuzi wa mawaziri hauwazuii watu kucheka.

Jaribio la kwanza halikuchukua muda, mashine ikasimama. "Imekataa," akasema kaka. Nikamuuliza, "Imekataaje? Niandike nini?" Akanijibu niandike imekataa. Nikamwambia hilo siwezi kuliandika, anieleze anachokiona. Hapo ndipo tulipoanza kupanga maneno. Imeganda: picha ipo kwenye skrini lakini kipanya hakisogei. Imejiwasha upya: hiyo inajieleza. Imezimwa: umeme umekatwa na feni zote zimesimama, kwa hiyo kuna kilichoizima, nasi tunapaswa kukitafuta. Imezimika: feni zinazunguka, taa za ubao mama zinawaka, lakini skrini ni nyeusi na mashine haiitiki hata ukibonyeza kitufe. Hakuna anayeonekana kuizima. Ni hali tu iliyoifikia. Kila tukio nililiandika kwa neno lake, pamoja na kasi, volti, na nyuzi zilizosomwa kwenye kipimajoto cha kikombe.

Tukio lile la kwanza lilikuwa imeganda, kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Waliongeza volti kidogo, ikapona. Dawa ikishaponya mara moja, watu huitaka iponye kila ugonjwa. Waliendelea kumimina naitrojeni, na kwenye nyuzi 62 chini ya sifuri mashine ikasimama tena. Wawili wakasema iongezwe volti. Wa tatu akasema ni umande, maji yameingia. Kaka aliamua kupunguza kasi mpaka gigahezi 4.4. Ikasimama kwenye nyuzi 63. Akairudisha kwenye kasi yake ya kiwandani, 3.3. Ikasimama kwenye nyuzi 61. Sasa hasira zilikuwa zimepanda. Waliotaka volti walipendekeza 1.8, kiasi ambacho kaka alisema kinaweza kuiunguza prosesa pale pale. Fedha zilizochangwa zilikuwa karo ya mtu mmojawapo, na hazikuwa na mbadala.

Nikaomba nisome daftari kwa sauti kabla hawajagusa kitu. Imezimika, nyuzi 62, gigahezi 5. Imezimika, nyuzi 63, gigahezi 4.4. Imezimika, nyuzi 61, gigahezi 3.3. Neno ni lilelile, baridi ni ileile, kasi tu ndiyo inayobadilika. Kama kasoro ingekuwa volti, kupunguza kasi kungeipa mashine nafuu, kwa maana kasi ndogo huhitaji volti ndogo. Haikupata nafuu yoyote. Tena kila mara walikuwa wakipuliza kikombe kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka nyuzi 50 chini ya sifuri, na kompyuta ikawaka. Kwenye nyuzi hizo barafu haiyeyuki wala maji hayakauki. Basi si umande pia.

Baba mdogo, aliyekuwa dirishani akilinda chombo chake, akauliza, "Kwani mmeileta humu ifanye kazi au ilale?" Akaeleza kwamba tangi lake ni la kulaza mbegu. Hakuna mhimilishaji anayetegemea mbegu ifanye kazi ikiwa bado kwenye baridi ile. Kwanza huyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu.

Kaka alinyamaza kidogo, kisha akatufafanulia. Transista ikipoa, volti inayohitajika kuifungua hupanda. Sehemu za prosesa hazibadiliki kwa kiasi kimoja, na ikifika mahali fulani saketi moja, pengine ile inayotoa mapigo ya saa, hushindwa kwenda sambamba na nyingine. Kila prosesa ina kikomo chake. Ziko zinazovumilia mpaka nyuzi 196, na ziko zinazolala mapema, hata kama ni za aina moja. Tulikuwa tumekigusa kikomo cha yetu mara tatu.

Dawa ikawa kumimina kidogo kidogo na kuishikilia kwenye nyuzi 50. Ilikimbia kwa gigahezi 5 ikamaliza jaribio zima bila kuongezewa volti yoyote. Siku ya maonyesho ilifanya vivyo hivyo, na jioni ikarudishiwa feni yake ikiwa nzima.

Sidai kwamba Kiswahili kinajua umeme kuliko lugha nyingine. Lugha yetu ya nyumbani nayo ina kauli ya kutendwa na ya kutendeka, kama lugha nyingi za Kibantu. Ila tukiingia maabara tunaziacha zote mlangoni na kubaki na kukataa. Kwa wahadhiri wetu nina ombi moja dogo: mifano ya kauli za vitenzi isiwe ya Juma na kikombe kilichovunjika peke yake. Tupelekeni karakana, zahanati, na zizini, mahali ambapo kuchagua kati ya -w- na -ik- kunaweza kuokoa karo ya mtu.

Yule aliyecheka ndiye aliyeandika ripoti ya kundi kwa Kiingereza. Aliniomba daftari, akatafsiri jedwali lote. Kwenye safu ya hitilafu alijaribu mara mbili tatu, akafuta, kisha akaliacha neno imezimika kama lilivyo na kuweka maelezo yake chini ya jedwali.