Fito Nane

Kazi ndogo hudharauliwa kwa sababu mbili: kwanza kwa udogo wake, na pili kwa kuwa aitendaye huitenda kwa furaha. Watu wengi huamini ya kwamba kazi ya kweli ni ile iutoayo mwili jasho na kuuletea moyo uchovu, na kwamba mtu mzima akionekana ameinama juu ya mchezo, akili yake imerudi utotoni. Hukumu hii ni nyepesi. Chuma, jiwe na uzito vina sheria zao, na sheria hizo hazimwonei mtu haya kwa kuwa anacheza. Aletaye kipimo cha uwongo katika mchezo hushindwa kama ashindwavyo yeye aletaye kipimo hicho katika ujenzi wa daraja. Tofauti iko katika ukubwa wa hasara tu.

Uko mchezo mmoja, uliokua zaidi katika nchi ya Marekani, wa kuendesha magari madogo juu ya majabali kwa amri ya redio. Amri ipitayo hewani bila waya si jambo la jana. Mwaka 1898, katika maonyesho ya umeme mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu chombo kidogo majini kilichotii mkono wake kwa mbali, na mwaka huo huo akapewa hataza ya uvumbuzi wake. Kwa hivi mtoto ashikaye rimoti leo ni mrithi wa fikira yenye umri zaidi ya karne moja.

Asili ya pili ya mchezo huu iko milimani. Katika Sierra Nevada, jimbo la California, ipo njia iitwayo Rubicon, yenye urefu wa kadiri ya kilomita 35, itokayo upande wa Georgetown kwenda Ziwa Tahoe. Njia hiyo imejaa mawe makubwa ya matale. Toka mwaka 1953 misafara ya magari ya jipu imekuwa ikiipita kila mwaka kwa ajili ya furaha ya kuipita. Hapo kasi si sifa. Dereva mwema ni yule awezaye kupandisha gurudumu moja juu ya jiwe, akatulia, akafikiri, ndipo akapandisha la pili. Mwenda pole hajikwai. Gari dogo la redio ni picha ya jipu hilo, aghalabu kwa kipimo cha moja kwa kumi. Na kwa kipimo hicho jiwe la bustanini lisilofika gotini kwa mtu huwa mlima.

Gari hilo lina ekseli mbili nzima, moja mbele na moja nyuma. Springi na shokomzoba hubeba uzito wake, lakini springi haijui mbele wala nyuma. Ikiachwa peke yake, ekseli itakimbia chini ya gari kama mguu wa meza uliolegea. Kinachoishika ekseli mahali pake ni fito. Katika namna moja iliyoenea, kila ekseli hupewa fito nne: mbili za chini na mbili za juu, kila moja ikiwa na kichwa cha plastiki kwenye ncha zake, na ndani ya kichwa gololi ndogo yenye tundu la kupitishia skrubu. Kwa gololi hizo ekseli huweza kupanda upande mmoja na kushuka upande wa pili bila kuvunja kitu. Fito za juu aghalabu hupangwa kama miguu ya mtu aliyesimama kwa kuitanua, ili ekseli isitoroke kushoto wala kulia. Mota isukumapo magurudumu kwenda mbele, nyumba ya ekseli hutaka kuzunguka kinyume. Ndipo fito za chini za nyuma husukumwa na za juu huvutwa. Gari zima huendeshwa mbele kupitia vijiti hivyo, navyo havionekani mpaka mtu alale kifudifudi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ufito mmoja haushiki ekseli.

Katika mji mmoja mdogo chini ya milima hiyo alikaa mzee aliyestaafu katika kazi ya ufundi wa mashine. Katika ujana wake aliipita Rubicon kwa jipu mara nyingi. Uzee ulipomwondoa katika usukani alijishughulisha na magari madogo, na mjukuu wake, mvulana wa miaka 14, akawa mwenziwe. Kisha macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu. Mganga alimwambia waziwazi kwamba ukungu huo utazidi, wala hautarudi nyuma.

Siku moja fito za gari la mjukuu zilikuwa zimekwisha kupinda, naye akaomba anunuliwe fito nane za kiwandani zilizo tayari ndani ya pakiti. Ombi lake lilikuwa na haki. Fito hizo zilikuwa nzuri, sawasawa kwa urefu, na bei yake haikushinda thamani ya siku mbili za kazi. Mzee hakuzikashifu. Alimjibu, "Mjukuu wangu, ukitaka kununua sitakukataza. Lakini macho yangu yamebakiwa na muda mfupi, na ninachotaka kukupa dukani hakiuzwi." Mvulana akanyamaza, kisha akauliza, "Babu, tuanze na nini?"

Walianza kwa njia iliyo nyepesi kuliko zote. Walitwaa ufito wa chuma cha pua wenye unene wa milimita 3, uliokatwa hesi toka ncha hata ncha, wakaupitisha ndani ya bomba jembamba la alumini, kisha wakakaza vichwa vya plastiki pande mbili mpaka vikalibana bomba katikati. Namna hii ina siri yake. Ufito wa ndani huvutwa, bomba la nje hukandamizwa, na kwa kuvutana huko vitu viwili dhaifu huwa kitu kimoja kigumu. Urefu wa ufito mzima huamuliwa na urefu wa bomba. Kwa hivi kazi yote ilikuwa katika msumeno na tupa.

Mzee alipigilia misumari miwili katika kibao, umbali wa kitovu kwa kitovu ukiwa sawa na urefu uliotakiwa, akaikata vichwa. Ufito ulio sahihi ulipaswa kuvikwa juu ya misumari hiyo kwa matundu yake yote mawili bila kulazimishwa na bila kucheza. "Kata zaidi kidogo," alisema, "kisha piga tupa. Kirefu hupunguzwa, kifupi hakirudi."

Mvulana alikata, akabana katika jiliwa, akapiga tupa. Mabomba matatu ya kwanza ya nyuma yalitoka vyema. La nne, lililokuwa la ufito wa chini, lilipata tupa kupita kiasi, likapungua milimita moja nzima. Aliona haya, tena alikuwa amechoka. Akakumbuka kwamba hesi za milimita 3 husogea nusu milimita kwa kila mzunguko. Akarudisha kichwa kimoja nje mizunguko miwili, ufito ukapata urefu wake, ukavaa misumari bila kosa. Akauweka kati ya wenziwe akanyamaza.

Mzee alitwaa fito moja moja akazipitisha vidoleni, maana vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuwa macho. Alipofika ufito wa nne ukucha wake ulizama katika ufa kati ya bomba na kichwa. Hakukasirika. Alisema, "Huu una urefu, lakini hauna nguvu. Bomba halibanwi tena, limekuwa pambo. Mzigo wote uko juu ya ufito mwembamba, nao utapinda hapa hapa kwenye ufa." Mvulana akataka kuukaza tena na kuuacha mfupi. Alidhani milimita moja haina madhara. Mzee akamfanyisha hesabu. Fito mbili za chini zilikuwa zimeachana milimita 80 kwenye ekseli, na magurudumu yaliachana milimita 200. Basi ufupi wa milimita 1 kwenye ufito ungekuwa milimita 2 na nusu kwenye magurudumu. Ekseli ingekaa upande, na gari lingetembea kama kaa katika kila mteremko.

Hapakuwa na bomba jingine. Dawa iliyosalia ilikuwa ni kumpunguza mwenzi wake milimita ile ile. Lakini fito za chini zote mbili zikipungua na za juu zikabaki, tumbo la ekseli huvutwa ndani na pua yake hubadili uelekeo, na shafti iletayo nguvu kutoka katikati ya gari hukunjika vibaya. Kwa hivi za juu nazo zikapunguzwa. Upungufu wa ufito mmoja ulilipwa na fito tatu zisizokuwa na hatia. Mvulana alipiga tupa hata usiku, na hakuna aliyehitaji kumsomea mafundisho.

Gari likatoka likapanda. Juma la pili lilianguka kutoka juu ya jabali refu kidogo, likatua juu ya ufito wa chini. Ufito haukupinda hata kwa unywele. Ila sikio la ekseli, ile sehemu ya plastiki ulipofungwa ufito huo, lilikatika, na nyumba nzima ya ekseli ikawa haifai. Mvulana alishangaa. Alikuwa amechagua kitu kigumu kuliko vyote, na ugumu ndio uliomletea hasara.

Hapo mzee alimpa somo ambalo wengi huzeeka bila kulipata. Pigo halipotei. Likija kwenye gari lazima lile kitu, na kitu kisichokubali kuliwa hulipitisha kwa jirani yake. Fundi hana uwezo wa kukataza pigo. Ana uwezo wa kuchagua mahali litakapokomea. "Chagua mwenyewe kitakachoshindwa kwanza," alisema, "ama sivyo jabali litakuchagulia, nalo halijui bei."

Wakatwaa fito za plastiki ngumu nyeupe, ya aina iliyoanza kuuzwa na kampuni ya DuPont mwaka 1960 kwa jina la Delrin. Plastiki hiyo ina tabia mbili njema: hupinda ikarudi, tena huteleza juu ya jiwe mahali ambapo alumini hung'ang'ania kama ukucha. Kazi yake ilitaka subira zaidi. Kila ncha ilipaswa kutobolewa kwa keekee tundu la milimita 2 na nusu, katikati kabisa na kwa unyofu, kisha ikatwe hesi za milimita 3 polepole, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, ili makapi yavunjike yasizibe. Tundu likienda mshazari kichwa nacho hukaa mshazari. Mvulana aliharibu mbili, akazitupa mwenyewe kabla vidole vya babu havijazifikia. Fito nne za chini zikawa za plastiki. Nne za juu zikabaki za chuma ndani ya alumini, kwa kuwa huko juu mawe hayafiki sana, na kazi yake ni kuzuia ekseli isigeuke.

Msomaji aweza kusema kwamba haya yote ni mengi mno kwa gari la kilo mbili au tatu. Yamkini ni kweli kwa mwenye macho ya kutosha na muda wa kutosha. Walakini maarifa hayana uzito wa chombo yanachokaa ndani yake. Mtu aliyejifunza kwamba usawa wa jozi hushinda urefu wa mmoja, kwamba pengo lililofichwa ndipo kitu kitakapopinda, na kwamba ugumu usio na mipaka huvunja kilicho jirani, amejifunza mambo yatakayomfaa nyumbani, kazini na baina ya watu. Pakiti ya dukani ingempa fito zilizo bora kuliko hizo, na mambo hayo matatu yasingekuwamo ndani.

Waswahili husema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mwaka uliofuata mzee hakuweza tena kuona gari juu ya majabali. Alikuwa akikaa juu ya kiti cha turubai, uso ameuelekeza kwenye sauti. Alisikia mota ikinguruma chini chini, akasikia mipira ikishika, kisha ule mkwaruzo mwororo wa plastiki ikiteleza juu ya tale, ambao ndio dalili ya gari lililokaa tumbo juu ya jiwe likakataa kukwama. "Limepita," alisema. Mvulana akajibu, "Limepita, babu; lakini kichwa cha kushoto cha nyuma kimeanza kucheza. Nitakitazama."

Mzee hakuuliza amejuaje.