Maji ya moto nusura yatuletee msiba!

Leo nina kisa cha bafuni kwetu, na mkosaji ni mimi mwenyewe, kwa hiyo nihurumieni kidogo.

Sisi tunakaa Arusha. Ninyi wenzetu wa Dar mnaoga maji ya bombani na kushukuru, lakini huku mwezi wa saba asubuhi maji ni barafu. Miaka yote tulikuwa na hita ya umeme, ile ya kufunga juu kwenye bomba la mvua. Ilikuwa kimeo kweli. Ukigusa koki, shoti! Ilibidi tufungue maji kwa kandambili. Siku moja Mama alirushwa mpaka akaangusha ndoo, akatoka na khanga yake inachuruzika, akasema, "Hicho kidude sikitaki tena ndani ya nyumba yangu."

Halafu uniti. Hita ile inakula kama kilowati 5 na nusu, yaani mtu akioga dakika 10 kaondoka na uniti karibu nzima. Sisi tuko watano, na mdogo wangu wa kike akiingia bafuni ni tamasha zima. Mgawo wa umeme wa mwaka 2023 ulipokuja ndiyo tukarudi kwenye sufuria na ndoo.

Basi bwana, mwaka uliofuata nikapata mshiko kidogo kwenye vibarua vyangu, nikawaambia wazee, "Hili niachieni mimi." Nikanunua hita ya gesi ya kuning'iniza ukutani. Ukifungua maji inajiwasha yenyewe kwa betri, maji yanapita kwenye mabomba ya shaba juu ya moto, yanatoka yakifuka moshi. Nikaongeza na mtungi wa kilo 15.

Fundi alipofika akaliangalia bafu letu, akatikisa kichwa. "Bwana mdogo, hii inakaa nje. Humu ndani itawamaliza." Kuiweka nje maana yake ni kununua bomba zaidi, kutoboa ukuta na kutengeneza kibanda cha kuikinga na mvua. Mfuko wangu ulishakauka. Nikajifanya mjuaji, "Weka humuhumu fundi, dirisha si lipo?" Akakataa, akabeba vifaa vyake akaenda zake. Mimi nikatafuta mwingine asiye na maneno mengi.

Wiki tatu tulikula raha. Baba alianza kuimba bafuni, jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe. Nikawa natembea kifua mbele.

Jumapili moja ya baridi kali, dogo akaingia kuoga. Akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa taulo ili upepo usimfikie. Mama akaita, "Wewe, wenzio tunachelewa kanisani!" Kimya. Akaita tena. Tunasikia maji tu yanamwagika. Nikaupiga mlango bega mara tatu, ukafunguka. Dogo alikuwa chini, hajitambui. Tukamfunika khanga, tukambeba mpaka uani. Hewa ilipompata akatapika, akaanza kulia kwamba kichwa kinampasuka. Baba, mtu ambaye hakimbii hata mvua, alitoka mbio barabarani kutafuta bajaji akiwa na kiatu kimoja.

Hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari akauliza swali moja tu, "Hita yenu mmeiweka wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Akatueleza kwamba moto ukikosa hewa ya kutosha unatoa sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ile harufu tunayoisikia mtungi ukivuja imetiwa makusudi ili tushtuke, lakini sumu hii haikupi taarifa. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unavuta hewa lakini mwili hauipati. Ndiyo hiyohiyo inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani.

Jioni tukarudi naye. Baba hakunigombeza. Alisema tu, "Kesho kamtafute yule fundi wa kwanza." Afadhali angenichapa.

Nilikopa pesa, fundi akarudi. Sasa hita iko nje, kwenye ukuta wa uani chini ya kibati, na mtungi uko pembeni yake. Bafuni linaingia bomba la maji tu. Na kama mnadhani tumetajirika kwa kuacha umeme, nisiwadanganye. Mtungi unakwisha kwa kama mwezi mmoja, na hela yake haipishani sana na ile ya uniti. Faida tuliyopata ni kwamba shoti hakuna, na umeme ukikatika tunaoga kama kawaida. Kwa hiyo wewe unayetaka kuhama, hama, lakini weka kwenye bajeti bomba la kwenda nje kabla hujanunua hita yenyewe. Na fundi akikukatalia, huyo ndiye wa kumlipa.

Dogo amepona, na tamasha lake bafuni linaendelea. Mimi nikiwa uani nasikiliza. Akinyamaza kidogo tu, nagonga mlango.

"Kaka, niko hai bwana! Niache nioge!"

Haya, oga mdogo wangu. Tukutane wiki ijayo.