Gari Lililoingia Mtoni na Mshale Uliobaki Barabarani

Kifaa chetu cha GPS cha mkononi tulikinunua kwa fedha zetu wenyewe, na tunalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba mali ya msikiti ilipandishwa ndege. Tulikinunua mwaka ule tulipokabidhiwa ukatibu wa kamati, kwa sababu ya shamba la wakfu ambalo mawe yake mawili ya mpaka yalikuwa yamefukiwa na mchanga. Aliyetufundisha kukitumia ni mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, naye hakuturuhusu kukiwasha kabla ya kutueleza jambo ambalo wengi wenye vifaa hivi hawalijui. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, ilhali kifaa hiki, kisipoelekezwa vinginevyo, hutoa namba zake kwa msingi wa dunia nzima unaoitwa WGS84. Kwa sura namba hizo hazina tofauti. Ni digrii na dakika zilezile tulizozoea. Lakini ukizitoa kwenye kifaa na kuziweka juu ya ramani ya zamani, utakuwa umehama zaidi ya mita 300.

"Mita mia tatu, mwanangu," alisema mzee, "ni shamba la mtu mwingine."

Mawe yalipatikana, Alhamdulillah, na kifaa kikabaki nasi. Ndicho tulichokitia mfukoni tulipokwenda Marekani, mjini Boston, kwa mwaliko wa kaka yetu aliyeoa na kukaa huko, aliyetaka tuhudhurie akika ya mwanawe. Watoto wetu wawili walikikamata tangu uwanja wa ndege na hawakukiachia tena.

Kifaa hiki husikiliza satelaiti zinazozunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,000 na zaidi. Hupima muda ambao sauti ya kila satelaiti imetumia kufika, na kikizipata nne kwa uchache huweza kukadiria mahali kilipo. Uwanjani penye mbingu wazi hukosea kwa mita chache tu. Katikati ya majumba marefu ya Boston mambo yakawa mengine, kwa kuwa sauti ya satelaiti hugonga kwanza ukuta wa kioo kisha ndipo ikifikie kifaa, nacho hudhani kwamba satelaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo. Tulitembea katika njia iliyonyooka kama mstari wa safu ya Sala, na mchoro uliobaki kwenye kioo ukawa kama njia ya kumbikumbi. Tuliketi nusu saa kwenye kiti cha bustani, kifaa kikaandika kwamba tumetembea. Kwenye njia za chini ya ardhi kilinyamaza kabisa.

Lipo jambo jingine ambalo kila Mwislamu anayesafiri na kifaa cha namna hii anapaswa kulijua. Kifaa kisicho na dira ya sumaku ndani yake hakijui kimeelekea wapi ukiwa umesimama. Hujua tu ulikotoka na unakokwenda, kwa hiyo ni lazima utembee hatua kadhaa ndipo mshale utulie. Aliyesimama juu ya mkeka na kuuamini mshale huo katika kutafuta Kibla, anauamini mshale usiojua. Na Kibla cha Boston kiliwashangaza watoto zaidi. Kwetu Dar es Salaam tunaelekea kaskazini karibu kabisa, kwa kuwa mji wetu na Makka takriban viko katika mstari mmoja wa longitudo. Boston iko kaskazini kuliko Makka, na ukitazama ramani ya ukutani utadhani waumini wa huko huelekea kusini mashariki. Wao huelekea kaskazini mashariki, kwa sababu dunia ni mviringo na njia fupi hupinda kupitia juu. Mtoto wetu mkubwa alilithibitisha kwa uzi na tufe la shemeji yetu, na hakutuomba msaada.

Siku ya tatu kaka yetu alituletea tiketi za magari ambayo watu wa huko huyaita "bata". Ni magari yaendayo barabarani kama basi la watalii, kisha hushuka ukingoni na kuingia mtoni, matairi yakaacha kazi na rafadha ya nyuma ikaanza. Asili yake ni vita. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilihitaji chombo cha kuwatoa askari na shehena melini na kuwafikisha ufukweni pasipo bandari, na kiwanda cha General Motors kikatengeneza lori la magurudumu sita lenye tumbo la mashua. Jina lake la kiwandani lilikuwa DUKW, herufi ambazo kila moja ina maana yake kwa mafundi, lakini askari walizisoma kwa namna iliyofanana na jina la bata na likabaki hilo. Yalitengenezwa takriban 21,000. Barabarani yaliweza kwenda kilomita 80 kwa saa. Majini kama 10 tu. Dereva aliweza kupunguza na kuongeza upepo wa matairi akiwa kitini mwake, ili gari lisizame mchangani, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwa zama zile. Vita vilipokwisha yakauzwa, na mwaka 1946 huko Wisconsin Dells yakaanza kuchukua watalii.

Tulitambua hapo kwamba vyombo vyote viwili, gari na kifaa tulichokishika, vilizaliwa jeshini. Hata GPS ilikuwa ikipotoshwa kwa makusudi kwa raia, ikikosea kiasi cha mita 100, mpaka serikali ya Marekani ilipoliondoa pazia hilo mwezi Mei mwaka 2000. Askari walirithisha watalii.

Tukiwa katika foleni, mama watoto alitushika mkono.

"Baba watoto, hili gari likijaa maji, hawa tunawatoa wapi?"

Alikuwa akitazama paa. Kaka yetu, ambaye hakutaka kuharibu siku, alisema, "Shemeji, hapa mto umetulia, na haya ni ya kila siku." Lakini swali lile lilikuwa na msingi kuliko yeye mwenyewe alivyojua. Tarehe 1 Mei 1999, katika Ziwa Hamilton huko Arkansas, gari la aina hii lilizama likiwa na watu 21, na 13 wakafa. Lilizama haraka, na paa lake la turubai likawa kama wavu juu ya samaki: mtu anapanda na maji, anagonga turubai, hatoki. Wachunguzi wa ajali wa Marekani walishauri mapaa hayo yaondolewe na magari yaongezewe uwezo wa kuelea hata yakijaa maji. Ushauri ukabaki katika karatasi. Chombo kilikuwa nusu gari na nusu mashua. Barabara zina wakubwa wake na maji yana wakubwa wake, na katikati yao ushauri ule ukazama.

Tarehe 19 Julai 2018, katika Ziwa la Table Rock karibu na mji wa Branson, Missouri, gari jingine likaingia majini na watu 31. Tahadhari ya dhoruba ilikwisha kutolewa. Kwa kawaida safari ile ilianza nchi kavu na kumalizikia ziwani. Siku hiyo, kwa kuwa mawingu yalionekana yakija, wakageuza mpangilio ili waanze na maji na kuiwahi dhoruba. Dhoruba ikawawahi wao. Walikufa watu 17, na 9 kati yao walikuwa wa ukoo mmoja waliopanda pamoja. Baada ya hapo ndipo Bunge la Marekani, mwishoni mwa mwaka 2022, lilipopitisha sheria kwamba mapaa na mapazia yaondolewe chombo kiwapo majini, au yawe ya namna isiyomzuia abiria kutoka. Kutoka ushauri hadi sheria ilipita miaka ishirini.

Hatukumhadithia mama watoto yote hayo pale foleni. Tulikwenda kwa mhudumu tukauliza: pande zitakuwa wazi tukiwa majini? Majaketi okozi yako wapi? Ya watoto je, yako ya kuwatosha hawa wawili? Alituonyesha kimoja kimoja bila kukunja uso, akampimisha mdogo wetu. Tuliuliza pia kwa nini aliyeshika usukani siye anayesimulia habari za mji, tukaelezwa kwamba ndiyo sheria ya jimbo la Massachusetts. Mwaka 2016 gari la aina hii lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa juu ya pikipiki ndogo mjini humo, na jimbo likaamua kwamba dereva aendeshe tu na msimuliaji awe mtu mwingine. Tukapanda, tukakaa ukingoni.

Watoto walifurahi kwa namna ambayo haielezeki. Abiria wote, wakiwemo wazee wenye mvi, waliwalilia wapita njia kwa sauti ya bata, na wapita njia wakaitikia. Kisha gari likateremka, pua ikagusa maji, likayumba kidogo, likaelea katika mto Charles. Karibu na baharini mto huo umejengewa ukuta, ndiyo maana maji yake hayana mawimbi ya kutisha.

Kifaa kilikuwa mikononi mwa mkubwa, nacho kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya gari. Kikipangwa hivyo hudhani kwamba msafiri hawezi kuwa mahali pengine ila barabarani, kwa hiyo kosa la mita chache hukirekebisha chenyewe kwa kuuvuta mshale hadi barabara iliyo karibu. Sisi tumo mtoni, na mshale umepanda barabara ya ukingoni, unakwenda nayo kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Tulipozidi kujitenga na ukingo kikashindwa kuendelea na dhana yake, kikautupa mshale katikati ya rangi ya buluu, kikaanza kutafuta njia upya. Urefu kutoka usawa wa bahari kikauandika kuwa chini ya sifuri kwa mita tisa, kwa maana huko ndiko vifaa hivi hukosea zaidi.

"Baba, kinasema tugeuze gari turudi barabarani."

"Mwambie hatuwezi," akajibu mama yake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu foleni.

Tulibadilisha mpangilio, tukakiambia kifuate mstari ulionyooka na kiache kutafuta barabara, na mshale ukatulia pale tulipokuwa. Kwa wenye vifaa hivi, hilo ndilo la kufanya mkiwa ndani ya mashua au ngalawa. Tena wasisahau kwamba kosa lililo kinyume chake liko kwetu pia: ramani nyingi huuchora mstari wa kivuko kama barabara, na mgeni anayetoka Posta kwenda Kigamboni huonyeshwa njia iliyopita juu ya maji ya Magogoni kana kwamba kuna lami. Foleni ya pantoni haimo katika mstari ule, wala idadi ya waliokwisha kupanda.

Na idadi ndiyo iliyotuua sisi. Miezi miwili baada ya Branson, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati ya Ukara, Ziwa Victoria. Kilijengwa kwa abiria 101. Waliokufa walizidi 200. Hapakuwa na mtu aliyepotea njia siku ile. Gati lilionekana kwa macho, na kifaa chochote kingeonyesha mita zilizobaki. Wapo katika jamaa zetu waliosubiri majina redioni kwa siku tatu, na hadi leo hawavuki maji.

Tumeyaandika haya kwa sababu wazazi wa madrasa yetu wametulalamikia. Kila mwaka baada ya Idi tunawapeleka watoto kisiwa cha Mbudya kwa boti kutoka Kunduchi, na safari hii kamati imekubali pendekezo letu kwamba hakuna mtoto atakayeingia botini bila jaketi okozi la kumtosha, lililofungwa akiwa bado amesimama mchangani. Jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto juu ya kichwa, kwa hiyo halihesabiwi. Tumeambiwa kwamba ni maji ya dakika chache, kwamba tunawakosesha watoto furaha, na kwamba gharama imeongezeka kwa kuwa boti itakwenda mara nyingi. Mzazi mmoja, tunayemheshimu sana, alisema kwamba ajali ni kadari. Tulimjibu kwa adabu kwamba kufunga kamba ya jaketi nako ni katika kadari.

Tumekwenda Kunduchi tukahesabu wenyewe. Mwenye boti ana majaketi 18 ya watoto yaliyo mazima. Mawili mengine kamba zimeoza, tumeyaweka kando mbele yake. Watoto walioandikishwa ni 52. Watavuka kwa mafungu matatu, wadogo kwanza, na watakaosubiri watakaa chini ya mikaratusi na maustadhati wao hadi boti irudi. Wazazi wanaotaka kuja kusaidia kufunga kamba wafike saa moja asubuhi.