Mlango Utazame Wapi?

Mtumishi wa umma apatapo barua ya uhamisho, jambo la kwanza huulizia kodi ya nyumba. La pili, ambalo halisemwi ofisini, hujiuliza kama atalala humo kwa amani. Nilipohamishwa kutoka Iringa kwenda Mbeya, nilipewa ushauri wa namna mbili kabla sijakabidhiwa hata ufunguo wa nyumba niliyopanga.

Mhadhiri mwenzangu aliyesoma China alinieleza habari za feng shui, elimu ya Wachina ya kupanga makazi, ambayo jina lake lina maana ya “upepo na maji”. Mlango mkuu utazame kusini, alisisitiza, na kitanda kisitazamane na mlango. Shangazi yangu wa Kalenga naye akapiga simu: “Mwanangu, nyumba haiingiwi hivi hivi. Tafuta mtu aizindike. Huko ugenini hujui nani anakutazama kwa jicho gani.”

Sikumcheka yeyote kati yao. Desturi nyingi za makazi zilianza kama ujuzi wa mahali. Kaskazini mwa China, upepo wa baridi hutoka kaskazini, na jua la majira ya baridi hukaa upande wa kusini. Mlango wa kusini huko ni busara. Lakini Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai, baridi inapokaza, jua la adhuhuri liko upande wetu wa kaskazini, na kusi huvuma kutoka kusini-mashariki. Anayefuata kanuni ile neno kwa neno ataikaribisha baridi na kuligeuzia jua kisogo.

Wahehe nao walikuwa na ujuzi wao: tembe, nyumba ndefu yenye paa bapa la udongo, iliyozunguka ua wa watoto na mifugo. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Nia ya kuwafikishia watu shule, maji na zahanati ilikuwa njema. Hata hivyo, katika Operesheni Vijiji nyumba nyingi zilipangwa kwa mistari iliyonyooka kando ya barabara. Mstari humrahisishia ofisa kuhesabu kaya. Hauulizi upepo unatoka wapi wala maji yanapita wapi. Kanuni iliyotengwa na mahali pake, iwe imetoka ng’ambo au makao makuu, hubaki amri tu.

Zindiko lina tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa huanza na dhana kwamba hatari ya nyumba ni jirani. Dawa ikishafukiwa kwenye pembe nne, mwenye nyumba huanza kumtafuta adui aliyekingwa naye, na mara nyingi humwona kwa bibi mjane mwenye macho mekundu. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928, lakini wazee wameendelea kuuawa nchini kwa tuhuma za namna hiyo.

Nilimjibu shangazi kwamba nitaanza kwa kuwaamkia majirani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Basi usiende mikono mitupu.”

Nikaenda na sukari. Bibi wa nyumba ya chini, anayeishi peke yake, alipokea shikamoo yangu, akanishika mkono hadi nyuma ya ukuta wangu. Hapo, alisema, palikuwa na mfereji. Mtu akajenga juu yake, na tangu hapo mvua za Machi huingia chumba cha nyuma. Dalali hakuwa amelitaja hilo. Tuliufukua mfereji ule na vijana wawili wa mtaa kabla sijaleta hata godoro.

Upepo na maji ndiyo mambo ya kuuliza kwa kweli, na wanaoyajua ni wenyeji. Enyi maofisa mnaopima viwanja, na vijana mnaoanza maisha, waulizeni wao kwanza. Mkimwogopa jirani kabla ya kumwamkia, mtakuwa mmejinyima ujuzi wake, na yeye mtakuwa mmemweka hatarini.