Chaneli ya Kwanza

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba kwenu ni Malindi, ataanza kukuuliza habari za samaki na minazi. Anadhani unasema ile ya pwani ya Kenya, ama ile ya Unguja karibu na bandari. Malindi yangu haina bahari. Iko juu kwenye milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto. Kutoka Lushoto mjini unapanda, unapita msitu wa Magamba, halafu unaanza kuona mashamba ya kabichi, karoti na viazi yaliyolala kwenye miteremko mikali. Huku kwetu mwezi wa saba mtu anavaa koti mchana kweupe. Ndugu msomaji, huko ndiko nilikojifunza kazi ya mikisa, na huko huko ndiko nilikofanya kosa ninalotaka kukusimulia.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Matokeo yalipotoka, nafasi ya kidato cha tano haikuwepo. Nikawatangazia wenzangu kijiweni kwamba mimi nitakuwa mwandishi wa riwaya. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nikawaambia, hata Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, na wala hakusoma chuo kikuu.

"Sawa," wakasema, "lakini mwenzio alikuwa na kazi serikalini."

Hapo walinikamata. Nikaenda kwa mjomba kuomba kazi.

Mjomba alikuwa na mitambo ya kukodisha: spika mbili kubwa, amplifaya, jenereta, maiki tano, na mikisa ya mtumba ya chaneli 12 aliyoinunua Kariakoo. Mitambo hiyo ilienda kila mahali, harusini, kwenye kwaya, hata kwenye mikutano ya kampeni. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba spika. Ya pili, kukunja waya. Nilikunja waya miezi minne kabla hajaniruhusu kugusa mikisa.

Siku aliponiruhusu alisema, "Mjomba, usitishike na hivyo vitufe. Ni mstari mmoja tu uliorudiwa mara 12. Ukiujua mmoja, umeijua mikisa nzima."

Ni kweli. Kila chaneli ni mstari unaosomwa kutoka juu kwenda chini.

Juu kabisa ipo geini. Sauti ikitoka kwenye maiki ni umeme mdogo mno, milivolti chache tu, haiwezi kutikisa spika. Geini inaupokea umeme huo mlangoni na kuukuza, pengine hata mara 1,000. Ukiiweka chini mno, sauti inazama ndani ya mchakacho wa mashine yenyewe. Ukiizidisha, taa nyekundu inawaka na sauti inakwaruza.

Chini ya geini kuna kitufe cha kukata besi, ile mingurumo ya chini ya hezi 80 au 100. Ukikisahau kwetu Malindi, upepo wa mlimani unapiga maiki, spika zinanguruma kama lori la kabichi linalopanda kilima. Halafu inafuata ikwalaiza: trebo, sauti za kati, na besi. Hapo mjomba alikuwa na sheria yake moja: punguza kabla hujaongeza. Kama sauti ya mtu haieleweki, usikimbilie kujaza trebo. Toa kwanza besi inayomfunika.

Kisha oksi. Hii inapeleka sauti kwenye spika ndogo zinazomwangalia mwimbaji ili ajisikie mwenyewe. Usiidharau. Beatles, pamoja na ukubwa wao, walipopiga uwanja wa Shea kule New York tarehe 15 Agosti 1965 mbele ya watu zaidi ya 55,000, hawakuwa na spika za namna hiyo. Mashabiki walipiga mayowe, wao wakaimba bila kujisikia. Baada ya oksi ipo pani, ya kupeleka sauti kulia au kushoto. Sisi tuliiacha katikati, maana aliyekaa kushoto naye kachangia sherehe. Halafu myuti, ya kumnyamazisha mtu bila kuvuruga mipangilio yake.

Halafu kuna kitufe cha pi-efu-eli. Ukikibonyeza na kuvaa hedifoni, unaisikia chaneli hiyo peke yake kabla haijafika kwenye feda, na watu ukumbini hawajui lolote. Taa za kipimo zinakuonyesha kiasi kinachoingia. Unamwambia mtu aseme maneno mawili matatu, unapandisha geini mpaka taa zicheze karibu na sifuri, basi. Mjomba alikiita kitufe cha adabu. "Msikilize mtu wewe kwanza," alisema, "ndipo uwape wengine wamsikilize."

Mwisho kabisa, karibu na kidole chako, ipo feda (usichanganye na fedha, ambayo sikuwa nayo). Alama yake ya sifuri haiko mwisho wa njia, iko kama robo tatu hivi. Ukiisukuma mpaka juu kabisa unaongeza desibeli 10, yaani mara tatu tu. Mara tatu kwa feda, mara 1,000 kwa geini! Lakini kwa kuwa feda ndiyo inayoonekana na ndiyo iliyo mkononi, kijana asiyejua anadhani kazi yote iko pale. Nami, ingawa nilikuwa nimeambiwa, nilikuwa kijana wa namna hiyo.

Agosti 2018 tulikuwa na sendofu ya dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Turubai lilifungwa uwanjani nyumbani, wakwe walikuwa wamefika kutoka Handeni wakitetemeka kwa baridi. Mjomba ni mjomba wa bibi harusi pia, kwa hiyo alitakiwa akae na wazee. Mitambo akaniachia mimi. Nilijiona mkubwa sana. Hedifoni nikazitundika shingoni kama dijei wa kwenye televisheni, daftari la riwaya nikaliweka mapajani.

Emsii alikuwa jamaa wa Lushoto mjini mwenye koo la mnadani. Nilipompima, nikashusha geini ya chaneli ya kwanza karibu na mwisho. Kwaya walikuwa na maiki tatu, chaneli ya pili mpaka ya nne. Wao walisimama mbali nazo, kwa hiyo geini zao zilikuwa juu. Mpaka saa kumi jioni mambo yalikuwa shwari. Kila wimbo ulipoanza niliandika mistari miwili mitatu ya riwaya.

Ndipo emsii akatangaza wasia wa Bibi.

Bibi mzaa mama alikuwa hajui mwaka wake wa kuzaliwa. Alisema ni mwaka wa nzige. Sauti yake ilikuwa ndogo siku zote. Ukitaka kumsikia, uliingia jikoni ukakaa karibu naye kwenye kigoda. Siku hiyo alipewa maiki ya emsii, naye hakuwa amewahi kuishika. Akaishika kwa mikono miwili, kifuani, kama mtu aliyebeba mshumaa. Akaanza kusema.

Niliona midomo yake ikicheza. Spika, kimya.

"Fundi, sauti!" mtu akapaza.

Nikasukuma feda ya kwanza mpaka ikagota. Kikaja kitu kama mvua ya mbali, shhh, na ndani yake sauti ya mtu aliye ng'ambo ya bonde.

"Sauti bwana! Tunataka kumsikia Bibi!"

Lo, jasho lilinitoka, Malindi, mwezi wa nane! Badala ya kugusa geini, nikapandisha feda kuu, ya mikisa nzima. Nilikuwa nimesahau kwamba maiki tatu za kwaya ziko wazi. Sauti ya spika ikaingia kwenye maiki hizo, ikatoka tena kwenye spika ikiwa kubwa zaidi, ikaingia tena, ikatoka tena. Mluzi ukapasuka. Watoto wakalia, kuku wa zawadi wakaruka na kamba zao, wakwe wakaziba masikio.

Nikashusha kila kitu. Bibi alikuwa bado amesimama, anaitazama ile maiki. Alidhani ni yeye aliyeiharibu. Akamrudishia emsii polepole. Waliokaa karibu walinisimulia kwamba alicheka kidogo akasema, "Mashine haitaki vizee." Akarudi kukaa.

"Tumpigie Bibi makofi!" akanguruma emsii, akasikika mpaka barabarani. Sherehe ikaendelea.

Usiku, tukipakia spika, mjomba hakunigombeza. Aliniuliza maswali matatu.

"Ulivaa hedifoni ukamsikiliza?"

"Hapana, mjomba."

"Ulimpandishia geini?"

"Hapana."

"Uliondoka kwenye kiti ukaenda kumsogezea maiki mdomoni?"

"Hapana."

Akafunga mlango wa gari. "La tatu halihitaji hata umeme," akasema.

Nililifikiria hilo njia nzima. Kila ukizidisha umbali mara mbili kati ya mdomo na maiki, nguvu ya sauti inayofika inapungua nusu. Toka sentimita 5 mpaka sentimita 20, maiki inapata robo tu. Bibi alikuwa na sauti ndogo, nami nikaiacha robo tatu imwagike hewani, huku nahangaika na vitufe.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwake jikoni na daftari. Nikamwambia, "Bibi, shikamoo. Siku ile ulitaka kusema nini?"

"Marahaba, mume wangu." Akanipa kiazi cha moto. "Neno la sendofu haliliwi kiporo."

Nikamsihi. Akasema neno lile lilikuwa la siku ile na la watu wale. "Nilitaka wakwe wasikie. Wewe ukisikia kuna faida gani?" Nikacheka, nikala kiazi changu. Nilidhani nitarudi kumuuliza vizuri. Bibi alifariki mwaka 2020.

Mwaka 2022 dada alirudi kutoka Handeni na watoto wawili na begi moja. Sitasimulia yaliyomkuta, hayo ni yake. Lakini jioni moja tukimenya viazi aliniuliza, "Hivi siku ile Bibi alikuwa anasema nini? Mimi nilikuwa mbele yake kabisa. Nilisikia, 'Huyu mnayemchukua ana kwao, na...' Halafu ule mluzi. Na nini?"

Nikamwambia sijui.

"Nilikuwa nakaa kule najiuliza," akasema. "Na nini?" Akaendelea kumenya. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Usiku ule nilitoa madaftari ya riwaya yangu, nikasoma yote kwa taa. Kurasa 60. Kuna wanaume wanaobishana baa, kuna tajiri wa magari, kuna kijana anayetoroka kwenda Dar. Wote wanasema kama emsii, kwa koo lile lile. Katika sura ya pili nilikuwa nimemwandika bibi kizee wa milimani, nimemsifia kwa aya nzima, mikunjo yake, kanga yake, moshi wa jikoni kwake. Nikatafuta anasema nini. Hakuna. Katika kurasa 60 hana hata sentensi moja. Tangu mwanzo nilikuwa nimepanga geini kwa wenye makoo makubwa, halafu nikadhani maneno matamu ya mwandishi yatamwinua asiyesikika. Hayamwinui. Yanaongeza mchakacho tu.

Riwaya hiyo nimeianza upya. Ninaandika polepole, maana sasa naenda kukaa jikoni kwa watu. Wewe mwenzangu unayeandika, sikupi somo, mimi mwenyewe bado sijachapisha kitabu. Nakuambia tu lililonikuta: kuna sauti ambayo ukikosa kuipokea siku inaposemwa, hakuna fundi atakayeirudisha. Bendi zetu za dansi za miaka ya 1970 zilirekodi studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Fundi ilimbidi apange kila mtu vizuri kwanza, ndipo wakapiga. Mimi nilikuwa na nafasi ya namna hiyo nikaandika daftari.

Kazi ya mikisa bado naifanya. Juzi tulikuwa na harusi ya jirani. Emsii akampa maiki babu mmoja ili amwage baraka. Babu akaishika kifuani, mikono miwili. Nilikuwa nimeshavaa hedifoni. Nikapiga myuti chaneli nyingine zote, nikampandishia geini kidogo, halafu nikaacha mikisa. Nikapita mbele ya watu wote, wageni, wakwe, wapiga picha, nikaushika mkono wake na kuuinua taratibu.

"Shikamoo, babu. Hapa, karibu na mdomo."

"Marahaba," akasema, na neno hilo likafika mpaka kwenye mashamba ya kabichi.