Kamba wa Tana Ndani ya Kioo

Abti,

Picha yako nimeipata. Umesema kaka yako amekuletea kamba kutoka Garsen ndani ya jerikeni, sasa wako katika tangi la kioo sebuleni kwenu Garissa, na ayeeyo, nyanya yako, amekataa kukaa chumba kimoja na wadudu. Ayeeyo mwache, atazoea. Mimi nina neno na wewe.

Kabla ya kununua chochote, jua umemfuga nani. Picha yako imeonyesha mgongo tu, na mgongo wa kamba hausemi kitu. Mtazame ubavuni. Kila pingili ya kiwiliwili chake cha nyuma ina bamba linaloshuka pembeni. Bamba la pili likiwa limelifunika la kwanza na la tatu pia, huyo ni wa ukoo wa kamba wa mtoni. Likiwa ni la kwanza lililolalia la pili, huyo ni wa baharini, ndugu wa wale wanaovuliwa Ghuba ya Ungwana. Watoto wao hukulia kwenye maji ya chumvichumvi ya delta ya Mto Tana, kwa hiyo mtu wa Garsen anaweza kuwachota bila kujua. Katika maji ya bomba la Garissa hao hawatakaa.

Kisha hesabu makoleo. Wa baharini ana jozi tatu za miguu yenye makoleo madogo. Wa mtoni ana jozi mbili, na akiwa wa jamii ya Macrobrachium, ile ya pili ni ndefu kuliko miguu mingine yote, mikono ya ugomvi hasa. Ukiona wadogo, wenye makoleo mafupi yenye vinyweleo kama brashi, hao ni akina Caridina, jamaa wa ochonga wa Ziwa Victoria. Ni wapole, hula ukungu wa kijani na mabaki. Usiwachanganye na wenye mikono mirefu, maana watakuwa chakula.

Sasa maji. Ya Tana yana tope; yaache yatulie yenyewe kwenye ndoo, wala usitie shabu kuyasafisha kama tunavyofanya ya kunywa. Ya bomba yaache wazi usiku mzima klorini itoke. Halafu kuna joto. Miezi ya Februari na Machi Garissa hupita nyuzi 35, na maji yakipata joto hushika hewa kidogo, wakati huohuo kamba akihitaji hewa zaidi. Tangi lisipigwe na jua, pampu ya hewa isizimwe, na feni ndogo ipulize juu ya maji. Kwa ukavu wa hewa ya kwetu, feni hiyo inapoza vizuri. Ila maji yanayopotea kwa feni huacha chumvi zake nyuma, hivyo usijazilize tu siku zote. Kila wiki toa kiasi, uweke mapya.

Lakini kitakachowaua haraka ni dawa ya mbu. Najua nyumba za kwetu jioni. Dawa nyingi za kupuliza zimetengenezwa kuua wadudu, na kamba mwilini ni jamaa wa karibu wa mdudu (hapo ayeeyo hakukosea sana). Chandarua kitawatosha nyote. Mwarobaini wa uani pia, majani yake yasiangukie majini, kwa sababu dawa iliyomo huvuruga kujivua gamba. Na dawa za samaki zenye shaba usizilete kabisa.

Kuhusu gamba: siku moja utaona kamba amelala mtupu, kama maiti. Ni gamba lake la zamani. Mwenyewe amejificha, mwili laini, na wenzake wakimpata watamla. Weka vigae vilivyovunjika na vipande vya bomba ili kila mmoja apate chumba. Gamba liache, watalila wenyewe wapate chokaa.

Jike akibeba mayai chini ya tumbo, usianze kuwaahidi rafiki zako vifaranga. Watoto wa Macrobrachium wengi wa mito ya pwani huteremka na mto hadi palipo na chumvi kidogo, ndipo wakue na kupanda tena. Ndani ya maji matamu ya sebuleni watakufa siku chache tu baada ya kuanguliwa.

Ukichoka nao, kaka yako awarudishe kulekule Garsen alikowachota. Lakini nimesikia unataka pia kununua wa rangi kutoka Nairobi. Wanunue ukipenda, ila hao hata mmoja asiingie Tana, wala maji ya tangi lao yasimwagwe kwenye mfereji wa shamba. Kamba-mti wa Marekani alitiwa Ziwa Naivasha mwaka 1970 kwa nia njema ya uvuvi, akayafyeka majani ya majini, na hadi leo hakuna aliyeweza kumtoa.

Wasalaam,
Abti yako (mjomba wako)