Buibui wa Shimoni Huko Usambara

Ukitoka Korogwe kwa basi kwenda Mombo, utaona mashamba ya mkonge na, upande wa kulia, milima ya Usambara. Hapo Mombo ndipo barabara ya Lushoto inapoanza kupanda mlima kupitia Soni.

Shuka garini, utembee polepole. Tazama chini ya mawe na kwenye mashina makavu. Ukiona tundu lenye utando mweupe mlangoni, simama. Usitie kidole. Huenda humo mna mwenyeji.

Mwenyeji huyo ni buibui mkubwa mwenye manyoya. Wataalamu humwita Pterinochilus murinus, jina alilopewa mwaka 1897. Anaishi katika nchi nyingi za Afrika, toka Kenya mpaka Angola. Wa Usambara wanajulikana kwa rangi yao ya chungwa lililoiva.

Panzi ana miguu sita. Buibui ana minane. Macho yake pia ni manane, lakini haoni vizuri. Hutambua mambo kwa manyoya. Mende akipita mlangoni, utando hutikisika. Buibui hutoka mbio, akamchoma kwa meno mawili yenye sumu. Meno hayo hayatafuni. Humwagia mende maji ya kuyeyusha nyama, kisha humnyonya.

Ngozi yake ni ngumu, haitanuki. Ili akue, lazima aivue kama nyoka. Ukiokota gamba lenye miguu minane, hiyo si maiti, ni nguo kuukuu. Jike huishi miaka mingi. Dume akishapevuka huacha shimo lake, huzunguka usiku kutafuta jike, na baada ya hapo haishi sana.

Je, anaua mtu? Haijulikani kuwa amewahi kuua. Lakini akiuma, maumivu ni makali, na misuli yaweza kukakamaa. Osha jeraha kwa maji na sabuni. Usichanje. Nenda zahanati. Hata hivyo, mara nyingi huonya kwanza: huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno. Anakuambia, "Rudi nyuma!"

Vijana, sisi mabwana shamba twawaona mkimwaga mafuta ya taa katika matundu hayo. Hiyo ni hasara mara mbili: mafuta yamepotea, na mla mende amekufa. Tena, watu wa Ulaya na Marekani huwafuga buibui hawa kwa kujifurahisha. Mgeni akitaka umchimbulie, usikubali fedha yake. Mpeleke kwanza kwa serikali ya kijiji, aonyeshe kibali.

Unapolima, geuza jiwe kwa jembe, si kwa mkono. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa. Usiku tembea na taa. Ukifanya hivyo, wewe na jirani yako wa shimoni mtaishi bila ugomvi.